Wenye msiba wakae mezani

Mkataba wa Versailles una ibara 440. Nilifundisha historia katika sekondari za Iringa na Njombe kwa miaka 31, na kitabu cha kiada kilitutaka tufundishe chache tu kati ya hizo: Ujerumani ikubali lawama ya vita, ilipe fidia, ipunguze jeshi, iachie makoloni yake. Wanafunzi walinakili, wakajibu mtihani, wakasahau. Ibara ya 246 haikuwamo. Niliisoma kwa mara ya kwanza mwaka 2000, katika karatasi za fotokopi alizoniletea mwalimu mwenzangu aliyekuwa masomoni Dar es Salaam. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, chaki mkononi, na kengele ya kipindi ilikuwa imeshalia.

Ibara hiyo inataja vitu viwili. Kwanza, ndani ya miezi 6 Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthman uliotolewa Madina. Pili, ndani ya muda huohuo, iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Kisha kuna sentensi ya tatu, fupi, ambayo watu huiruka: mahali na namna ya makabidhiano vitapangwa na serikali zitakazopokea.

Niliingia darasani nikampa kijana wa dawati la mbele asome kwa sauti, naye akatafsiri huku akisitasita. Wengi katika darasa lile walikuwa watoto wa Kihehe. Wamekua wakilisikia jina la Mkwawa kabla ya kujua kusoma, na kulikuta limeandikwa Ulaya, katika mkataba uliomaliza vita ya dunia, kuliwanyamazisha wote. Halafu msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni fuvu la Mkwawa, kwa nini apewe Mwingereza?"

Swali hilo nimetembea nalo miaka yote hii. Naliandikia leo kwa sababu mazungumzo ya kurudisha mabaki ya wazee wetu kutoka Ujerumani yamefunguliwa tena, na naona hatari ya kuirudia ile sentensi ya tatu.

Ili kumjibu msichana yule ni lazima tuanzie hapa nyumbani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, yule ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Wajerumani hawakusahau. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaponyoka, akaishi porini karibu miaka minne, akipigana na kuhama, kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe hai. Wakafika, wakakuta maiti, wakakata kichwa. Kiwiliwili kilibaki Uhehe, kichwa kikavuka bahari.

Miaka 20 ikapita. Waingereza wakawashinda Wajerumani katika nchi hii, na Horace Byatt akawekwa kuwa msimamizi wake wa kwanza. Byatt ndiye aliyependekeza, mwishoni mwa mwaka 1918, kwamba fuvu lidaiwe. Sababu zake aliziandika waziwazi kwa wakubwa wake London. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza wakati wa vita, na fuvu likirudi, wenyeji wataona kwa macho yao kwamba nguvu za Mjerumani zimevunjika kabisa. Mawazo hayo yalisafiri kutoka meza hadi meza mpaka yakaingia katika mkataba. Msichana wangu, hilo ndilo jibu. Fuvu liliandikwa kama cheti cha ushindi. Dola moja ilikuwa inainyang'anya dola nyingine heshima mbele ya watawaliwa, na kichwa cha mzee wetu ndicho kilichoonekana kufaa kwa kazi hiyo.

Katika Ukumbi wa Vioo, tarehe 28 Juni 1919, Wajerumani wawili waliingia kutia saini. Mmoja wao, Johannes Bell, alikuwa ndiye waziri wa makoloni. Ibara ya 119 ilimtaka aache haki zote za Ujerumani ng'ambo, kwa manufaa ya mataifa makubwa yaliyoshinda. Nchi yenye ukubwa unaokaribia kilometa za mraba milioni moja ilihama mikono kwa kalamu. Kwa Waingereza hilo lilikuwa jambo la miaka mingi ya kutamani, kwa kuwa ukanda wao kutoka Cairo hadi Rasi ya Tumaini Jema ulikuwa na pengo moja tu, na pengo hilo lilikuwa sisi.

Upande wa washindi alikuwapo Jan Smuts, aliyetia saini kwa niaba ya Afrika Kusini. Smuts huyu ndiye aliyeongoza majeshi ya Uingereza katika nchi hii kuanzia Februari 1916 hadi Januari 1917, kutoka Kilimanjaro kushuka Morogoro hadi Rufiji, huku wapagazi wakianguka njiani kwa njaa na kuhara damu. Ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wakuu wa utaratibu wa nchi za udhamini, ule uliosema kwamba watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe katika dunia ya sasa ni amana ya mataifa yaliyoendelea. Kila nilipofika hapo darasani sauti ilinibadilika, na wanafunzi walijua. Mtu aliyeona kwa macho yake wapagazi wetu wakifa alikaa Paris akapanga nani atatulea.

Hakuna aliyetuuliza. Februari 1919 Mmarekani mweusi W.E.B. Du Bois na Blaise Diagne, mbunge wa Senegal, walikusanya wajumbe 57 mjini humohumo Paris, wakaomba watu wa Afrika watawaliwe kwa manufaa yao wenyewe. Ombi lao halikuugusa mkataba. Mwezi Mei ulipofika, ugawaji ulikuwa ukifanywa na watu wawili wawili. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Alfred Milner, alikaa na Mbelgiji Pierre Orts, wakakubaliana Rwanda na Burundi ziende Ubelgiji. Milner alitaka pia ukanda wa mashariki ya Rwanda, Gisaka, kwa ajili ya njia ya reli iliyokuwa inafikiriwa. Ukakatwa. Mfalme wa Rwanda, Mwami Yuhi Musinga, akalalamika, wamisionari wakamsaidia kupaza sauti, na kufikia mwaka 1924 Gisaka ikarudi Rwanda. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Burundi, haikurudi. Leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara, na wazee wa kule wanajua ng'ambo ya mpaka ziko koo zipi zao. Ureno nayo haikutoka mikono mitupu, ilipewa pembetatu ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894.

Na katika mkataba wa 1921, Wabelgiji walipewa maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma wayatumie milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wa bandarini waliyaita Belbase, na jina hilo liliishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe. Siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba aliyetoa ardhi hiyo hakuwa na haki ya kuitoa milele, na Tanganyika huru haitafungwa na ahadi hiyo. Naipenda hatua ile ya Mwalimu, na nitaeleza sababu huko mbele.

Turudi kwenye fuvu. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Miezi sita ikaja ikapita. Wajerumani wakajibu kwamba hawakuona ushahidi wa fuvu hilo kufika kwao, na Waingereza, ambao sasa walikuwa na nchi yenyewe mkononi, hawakulisumbukia sana. Cheti hakikuhitajika tena. Wahehe waliambiwa nini? Hakuna aliyekuja Kalenga kuwaambia kitu.

Lilipotafutwa kwa bidii ilikuwa mwaka 1953. Gavana Edward Twining alifika katika makumbusho ya Bremen, penye mafuvu kama 2,000, na 84 kati ya hayo yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa kwa vipimo. Upana wa fuvu uligawanywa kwa urefu wake, kisha wakalinganisha na vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa walio hai. Yakabaki machache, na moja lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo likaletwa.

Mimi sibishani na mzee yeyote wa Kalenga kuhusu fuvu lile. Limelala kwetu, limeliliwa, ni letu. Lakini naumia kila nikikumbuka namna lilivyochaguliwa. Ustadi huohuo wa kupima vichwa ndio uliowafanya madaktari na maofisa wa Kijerumani kukusanya vichwa vyetu tangu mwanzo, ili wapange watu wa dunia kwa ngazi kufuatana na mifupa yao. Na kwa rula ileile tukarudishiwa mzee wetu.

Tarehe 19 Juni 1954 Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu hilo pale Kalenga. Mama yangu alikuwapo, msichana wa miaka 18, ametembea kutoka kijijini kwao tangu usiku. Nilimuuliza mara nyingi kabla hajafariki: "Mama, uliliona?"

"Niliona migongo ya watu, mwanangu. Na mwavuli."

"Mwavuli wa nani?"

"Nitajuaje? Wa mkubwa. Ulinizuia nisione."

Kila mara alisimulia vilevile, na kila mara aliishia hapohapo, kwenye mwavuli. Alisema wanaume wazima walilia, na kwamba yeye alilia kwa sababu ya kuwaona wakilia.

Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, vita vya Mau Mau vimepamba moto, na serikali ya kikoloni ilihitaji sana machifu watulivu na vijana wa kuingia jeshini. Mwaka 1954, kama mwaka 1919, fuvu lilisogezwa kwa sababu lilimfaa anayelisogeza. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU, chama kilichopigania uhuru, ikazaliwa Dar es Salaam. Adam Sapi mwenyewe akaja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru kwa miaka mingi. Nayasema haya kwa sababu watu wetu hawakukaa kimya wakisubiri kupewa. Ni meza tu ambayo haikuwekewa viti vyao.

Sasa nimtaje mtu ambaye hakuna ibara iliyomtaja.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa wakati wa Vita vya Mjerumani, mwaka 1915 kwa hesabu tulizofanya naye. Baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1917, mwaka wa mvua nyingi, wakati Waingereza walipokuwa wakisukuma chakula na risasi kutoka Iringa kushuka upande wa Mahenge. Walikuja asubuhi, wakahesabu wanaume, wakaondoka nao. Mzigo ulikuwa wa ratili 50 hadi 60, kilo 25 hivi, na njia ilikuwa tope. Unga waliopewa haukupikwa ukaiva, matumbo yakaharibika, na aliyeishiwa nguvu aliachwa kando ya njia. Hayo waliyaeleza wachache waliorudi. Babu yule hakuwa miongoni mwao.

Mkewe hakukubali matanga. Watu wa ukoo walipokuja kumwambia kwamba miaka mitatu imetosha, amlilie mumewe na msiba uishe, aliwajibu kwamba hamlilii mtu ambaye hajaletewa hata nguo yake. Na mtu yeyote aliyesema "marehemu" mbele yake alimkatiza: "Hajarudi." Bibi yangu alikua na neno hilo. Alilisema mpaka uzeeni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba mvua haijanyesha.

Takwimu rasmi za Waingereza wenyewe zinakaribia wapagazi 100,000 waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini hesabu hiyo ni pungufu. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na watu wanauza vitenge na vyombo juu yake bila kujua. Pale katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya Askari, bunduki imeelekezwa mbele. Mpagazi hana mahali pake pale, isipokuwa katika maneno.

Mkataba wa Versailles ulilijua kwa jina kosa hili la kuwatumikisha watu kwa nguvu. Katika kiambatisho cha sehemu ya fidia, miongoni mwa madhara ambayo Ujerumani ilitakiwa kuyalipia, imo kazi ya kulazimishwa bila ujira wa haki waliyofanyishwa raia. Nilipoisoma sehemu hiyo niliinua macho nikafikiri wamemkumbuka. Lakini fidia ile ilikuwa ya raia wa mataifa yaliyoshinda, Wabelgiji na Wafaransa waliochukuliwa kufanya kazi. Mtu wa Uhehe aliyelazimishwa na Mjerumani alihesabiwa mtu wa Mjerumani, na aliyelazimishwa na Mwingereza alikuwa amelazimishwa na mshindi. Kwa hiyo watu walioandika kwamba ni uhalifu kumbebesha raia mzigo kwa nguvu walikuwa wakiujua uhalifu huo vizuri, wakauwekea bei, kisha wakatuacha nje ya mlango.

Msomaji ataniuliza: Mwalimu, hayo ni ya zamani, unataka tufanye nini leo?

Mwaka 2023 kulitokea mambo mawili. Mwezi Septemba taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu kama 1,100 kutoka Afrika Mashariki: 904 yalitoka eneo la Rwanda ya leo, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Vinasaba vilioanisha mafuvu matatu na familia zilizo hai Kilimanjaro, nchi ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga, tarehe 2 Machi 1900. Kisha tarehe 1 Novemba Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mji wenye jina la Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta fuvu la chifu huyo.

Nilimsikiliza nikiwa nimekaa sebuleni, na sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi. Neno la kuomba msamaha lina uzito kwetu. Lakini kesho yake niliposoma magazeti, niliona maneno yaleyale: serikali kwa serikali, wataalamu kwa wataalamu, makumbusho kwa makumbusho. Mahali na namna ya makabidhiano vitapangwa na serikali zitakazopokea. Nikaikumbuka ibara ya 246.

Wapo wanaosema, na baadhi yao ni rafiki zangu niliosoma nao, kwamba familia haina uwezo wa kujadiliana na dola. Haina wanasheria, haina nauli, haina kabati la kutunzia mabaki, na koo zenyewe zinagombana. Yote hayo ni kweli. Mimi mwenyewe nimekaa katika vikao vya ukoo vilivyovunjika kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Hata hivyo, mtu akifa mjini mwili ukaletwa kijijini, serikali ya kijiji huandika kibali cha mazishi, nayo haichagui kaburi wala haiamui nani aoshe maiti. Kazi hizo zina wenyewe. Serikali inaweza kubeba nauli, sheria na itifaki, na mwenye msiba akaamua lini, wapi, nani apokee, aseme nini, na kama kitu hicho kiende kaburini au kwenye kabati la kioo. Wengine watasema kizikwe. Wengine watataka watoto wakione. Kila ukoo ujibu wenyewe, na hata ukigombana, ni ugomvi wa nyumbani kwake.

Tena safari hii hata elimu yenyewe iko upande wetu. Twining aliweza kuchagua fuvu Bremen kwa rula bila kumsumbua mtu wa Kalenga zaidi ya kumpima kichwa. Kipimo cha vinasaba hakifanyi kazi hivyo. Ni lazima mtu wa ukoo akubali kutoa mate yake. Bila yeye, mfupa ule utabaki namba katika sanduku. Wakati wa kuomba mate wanatutambua kuwa wahusika. Basi na wakati wa kupanga masharti watutambue. Orodha za mafuvu yale 202 zitafsiriwe Kiswahili, zipelekwe kata kwa kata katika mikoa yalikotoka, zisomwe mikutanoni. Watu wa kule wana majina kichwani ambayo hakuna mtaalamu wa Berlin aliyewahi kuyasikia.

Ndiyo maana nimesema naipenda hatua ya Nyerere kuhusu Belbase. Hakusubiri waliogawana mwaka 1919 wamweleze ana haki gani. Alisema waliotoa hawakuwa na mamlaka ya kutoa. Na sisi tunaweza kusema, kwa heshima na bila kelele, kwamba aliyekubali mwaka 1919 kupokea fuvu la Mkwawa kwa niaba yetu hakuwa na mamlaka ya kupokea. Utaratibu ule usiwe mfano wetu.

Na wapagazi je? Hakuna makumbusho yanayowashikilia. Wako ardhini, kati ya hapa na Mahenge, kati ya Kilwa na Songea, kandokando ya njia ambazo leo ni mashamba ya mahindi. Hakuna wa kuturudishia. Lakini Ujerumani na Uingereza zinapokaa kuzungumza na nchi zetu kuhusu miaka ile, majina yao yawepo mezani pamoja na mafuvu, maana ni vita moja iliyowala, na ni mkataba mmoja uliowasahau.

Tangu nistaafu nimekuwa nikiandika. Nina daftari kubwa, mojawapo ya yale ya kaunta. Nakwenda kwa wazee wa vijiji vinavyozunguka kwetu, nakaa nao barazani, nauliza nani alichukuliwa, akiwa na umri gani, alikuwa mtoto wa nani, aliacha nani. Wanaokumbuka sasa ni wajukuu na vitukuu, na baadhi yao wanakumbuka jina tu na mti ambao walisimamishwa chini yake wakihesabiwa. Nimefikisha majina 63. Nililipeleka daftari hilo katika ofisi moja ya serikali nikitumaini watalinakili. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu sana. Aliniita mama, akanipa kiti, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza kama hawa mabaki yao yako nje ya nchi. Nikamwambia hapana, yako humuhumu nchini. Akasema fomu aliyonayo ni ya vilivyoko nje. Simlaumu. Fomu hakuiandika yeye.

Jumamosi hii nakwenda kijiji cha jirani kwa mzee ambaye babu zake wawili, ndugu wa tumbo moja, walichukuliwa siku moja. Nimeshachora mistari ya ukurasa mpya: jina, mtoto wa nani, kijiji, mwaka alioondoka, mwaka aliokufa. Safu hiyo ya mwisho iko tupu karibu daftari zima. Kwenye mstari wa baba yake bibi nimeandika neno la mkewe.